Sikusema Hivyo

Mwigizaji aliyekuwa akiniigiza alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mgonjwa mkono na kusema, "Nimekusamehe, mpenzi wangu. Nenda kwa amani."

Nikainuka kwenye kiti changu cha plastiki. "Sikusema hivyo."

Mazoezi yakasimama. Tulikuwa katika ukumbi wa shule iliyofungwa kwa likizo, sakafu imebandikwa utepe mweupe kuonyesha wapi ni ukuta na wapi ni mlango. Kitanda kilikuwa meza mbili zilizotandikwa shuka. Juu yake alilala mwigizaji mnene mwenye sauti nzito, ambaye ndiye marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa mwembamba kama uzi, lakini hilo niliamua kulimeza. Huwezi kugombana na kila kitu siku moja.

"Mama," akasema mwongozaji, "tulikubaliana maoni utayatoa mwishoni."

Mwongozaji ni binti yangu. Mchezo huu kauandika yeye, na ukishatoka jukwaani utafanywa filamu. Mtayarishaji wa filamu alikuwa safu ya mbele, miwani kaipandisha kichwani, mkataba uko mapajani ndani ya jalada la buluu. Ulikuwa unangoja sahihi yangu, kwa sababu bila sahihi hiyo barua zangu hazisomwi mbele za watu, na bila barua hakuna mchezo wala filamu.

Habari ya barua hizo nitaieleza mwenyewe, maana nimechoka kuelezewa.

Nilikuwa mpanga chapa. Miaka thelathini na moja nilisimama katika kiwanda cha uchapaji, mbele ya kasha la herufi za risasi, nikiziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume ili zikigandamizwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Mume wangu, wakati huo mwandishi nisiyemjua, alikuja kiwandani siku moja amefura kwa hasira, hadithi yake mkononi. Sentensi zake zilikuwa ndefu, hazijui kukoma, nami nilikuwa nimezitilia nukta.

"Nani kakupa ruhusa?" akaniuliza.

"Kaka, hata punda hupumzishwa."

Wenzangu walicheka mpaka mtambo ukasimamishwa. Tangu siku hiyo nikamwita Nukta, naye akawa haishi kuja, ana hadithi hana hadithi.

Tulipendana kwa ubishi. Alipokwenda kusoma mbali kwa mwaka mzima, nilimwandikia barua kumi na moja. Akarudi tukaoana. Mwaka wa tatu wa ndoa, binti yetu akiwa bado ananyonya, mswada wa kitabu chake kipya uliletwa kiwandani na msimamizi akanipa sura ya saba. "Mpange mumeo mwenyewe," akanitania. Nilipofika mstari wa tatu nikajua. Zilikuwa barua zangu, zote kumi na moja, neno kwa neno, chini ya jina lake. Hakuwa amenidokezea hata kidogo.

Nilizipanga. Maneno niliyoandika nikiwa peke yangu chumbani, mengine ya kuona haya, nikayaokota herufi kwa herufi huku watu wananipita na chai zao. Sikuacha kosa hata moja, maana kazi ni kazi. Jioni nikanawa mikono, nikaenda nyumbani, nikamwambia, "Umeniibia, na sitakusamehe."

Kitabu kikapata sifa. Watu wakaisoma sura ile kwenye harusi zao, nami nikialikwa nilikaa nyuma kabisa, nikisikiliza moyo wangu mwenyewe ukisomwa na mshenga. Yeye alikuja kukiri gazetini baada ya miaka ishirini, mvi zimeshamjaa. Nilishukuru kwa kukiri kwake. Kusamehe sikusamehe.

Basi sasa nilikuwa nimesimama, na binti yangu kashika kiuno.

"Nilikuwa nje ya mlango, Mama," akasema. "Siku ile hospitalini. Nilimsikia Baba akikuomba msamaha. Halafu nikawasikia mnacheka, nyote wawili. Watu ambao hawajasameheana hawacheki vile."

"Kicheko ulikisikia. Neno hukulisikia."

Mtayarishaji akakohoa kidogo. "Mama, tunakuelewa kabisa. Ila watazamaji wamekaa saa mbili. Mwishoni wanataka walie, mioyo itulie."

"Wakitaka kulia wakamenye vitunguu."

Mgonjwa mezani akazuia kicheko, shuka ikatetemeka. Binti yangu hakucheka. Alinijia mpaka karibu, akashusha sauti. "Mama, nakuomba. Ni neno moja tu."

"Ndilo hilo hilo moja ninalolikataa. Baba yako alichukua maneno yangu akayawekea jina lake. Wewe unachukua jina langu unaliwekea maneno yako. Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka."

Akarudi nyuma hatua moja. Niliona neno limemwingia, na sikufurahi, lakini sikulirudisha.

Yule mwigizaji msichana alikuwa bado kapiga magoti. Ndiye aliyeuliza, taratibu, "Bibi, kwani ulisema nini?"

"Kwanza inuka. Mimi sikupiga magoti, magoti yenyewe yalikuwa yananiuma. Kunja mikono ya gauni. Tafuta taulo, ulikamue kwenye beseni la maji moto."

Akavuta kitambaa kwenye mkoba wake, akajifanya anakikamua. Nikamwelekeza hivyohivyo nilivyokumbuka. Mume wangu alilala ubavu, miezi minane ya ugonjwa imemmaliza. Akasema, "Mama watoto, nisamehe ile habari." Nami nikamjibu, "Sikusamehe. Geuka nikukande mgongo."

"Akacheka mpaka akakohoa," nikawaambia. "Akasema, 'Afadhali. Ungenisamehe ningejua nakufa.' Hapo na mimi nikacheka. Nikamkanda mpaka akalala. Alifariki baada ya siku mbili, hajasamehewa, na mgongo wake laini."

Binti yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, mswada umemlalia mapajani.

"Kwa hiyo hukumsamehe mpaka leo."

"Mpaka leo."

"Na ulimwogesha, ukamlisha kwa kijiko miezi minane."

"Nilimpenda. Nani kakwambia lazima nimsamehe kwanza?"

Akafuta uso kwa kiganja. "Miaka yote hii nimekuwa nikijifariji na kicheko kile."

"Endelea kujifariji nacho, mwanangu. Kicheko kilikuwa cha kweli. Neno ndilo uliloliongeza wewe."

Binti yangu akachomoa penseli nyuma ya sikio, akafuta mistari minne ya mswada, akaandika juu yake. Nilikuwa nimesimama mbele yake, maandishi yamenigeukia kichwa chini, lakini mpanga chapa halemewi na hayo. Nilisoma kila neno, na yote yalikuwa yangu.

Wakarudia. Msichana akakunja mikono ya gauni, akasema, "Sikusamehe. Geuka nikukande mgongo," na yule mnene akaangua kicheko ambacho hakuna aliyemwagiza, kicheko cha mtu aliyenaswa na mke anayemjua. Kwa mara ya kwanza siku ile alifanana na mume wangu, unene na yote.

Mtayarishaji akashusha miwani. "Jukwaani sawa. Lakini kwenye filamu, labda tungepata njia ya katikati..."

"Huko pia," akasema binti yangu, kabla sijafungua mdomo.

Akaniletea jalada la buluu yeye mwenyewe. Nikatia sahihi kwa jina langu kamili, lile nililozaliwa nalo.

Waigizaji walipotawanyika, nilibaki kwenye kiti changu cha plastiki. Binti yangu akaja akaketi chini, akanilalia magotini kwa ubavu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Mabega yake yalikuwa magumu kama mbao. Wiki sita hajalala vizuri, huyu.

"Na mimi je, Mama?" akauliza bila kunitazama. "Kwa kukusemea. Umenisamehe?"

"Sikusamehe," nikamwambia. "Geuka nikukande mgongo."