Fundi Malizia na Nusu za Maneno

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, fundi redio alikuwa ameinamia redio ya mwalimu mstaafu, skrubu nne zimepangwa ndani ya kifuniko cha chupa ili zisipotee. Aliunga waya ulioachia kwa risasi ya kuyeyusha, akapuliza vumbi, akaiwasha ajaribu. Kabla stesheni haijashika, mkewe, aliyezikwa miezi mitano nyuma, akasema ndani ya spika: "...kwa sababu viatu hivi vinanibana, si kwamba sitaki kutembea na wewe."

"Sasa si ungesema tu, ningekutafutia..." fundi akajibu. Spika ikakwaruza, mkewe akapotea, ikaingia taarifa ya hali ya hewa.

Alikumbuka vizuri. Enzi hizo walikuwa wachumba. Msichana alianza, "Leo siendi mbali," yeye akamalizia, "kwa sababu unaringa." Walinuniana wiki nzima.

Mtaani walimwita Malizia, na jina hilo hakulipata bure. Mteja akisema, "Fundi, redio yangu ina..." yeye hudakia, "Inakoroma ukiongeza sauti. Weka hapo, njoo Alhamisi." Na kweli ilikuwa inakoroma. Kwenye redio hakuwa na mpinzani, neno la kwanza lilimtosha. Kosa lake ni kwamba ufundi huo alirudi nao nyumbani kila jioni. Kwa miaka thelathini na moja mkewe alianza, yeye akamalizia, kisha akajibu alichokimalizia mwenyewe, kisha akakasirika kwa jibu lake. Ukimwambia anakatiza watu, anakuja juu.

"Mimi sikatizi mtu. Nawapunguzia kazi."

Basi tangu siku ile, kila redio iliyopona mikononi mwake ilimtoa mkewe kwanza, na nusu moja ya maneno aliyowahi kumkatizia. Zilikuja kwa mpangilio, za uchumba mbele, zikirukaruka miaka. Wateja walikaa kwenye benchi, wakangoja mama amalize, wakachukua redio zao wakaenda. Shida ilikuwa fundi mwenyewe. Mama akisema, "...chumvi ipo, ila nimeiweka..." yeye tayari, "Umeisahau dukani!" Spika inakoroma, mama hayupo. Na nusu iliyokatwa mara ya pili haikurudi tena.

"Wewe mzee, una nini lakini?" akasema mama mshona nguo wa chumba cha pili, ambaye siku hizi alikuja na kiti chake kusikiliza. "Hata marehemu humpi nafasi?"

"Nilishajua anachotaka kusema."

"Ndivyo ulivyojua na vile viatu."

"Mtu wa umri wangu habadiliki, mama. Mnataka nife?"

"Hata ukifa, utamkatiza malaika akianza kukuuliza."

Fundi alicheka, ila hakulala vizuri. Kulikuwa na nusu moja aliyoitaka kuliko zote. Asubuhi ya mwisho mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Leo nilikuwa nataka..." Yeye, mguu mmoja ndani ya kiatu, akamalizia, "Kulala. Haya, lala." Akaenda kazini. Saa saba mchana walikuja kumwita. Sasa alimtamani mwanamke yule mpaka kifua kinauma. Alitamani hata kununiwa naye. Na alijua kwamba nusu ile ikifika, naye akaidakia, basi imekwenda.

Akaahidi kuacha. Akaahidi Jumatatu, akaahidi mwanzo wa mwezi. Aling'ata kitambaa, akaongea kupitia kitambaa. Ukweli ni kwamba aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Redio hata ikikoroma namna gani, ina dawa yake. Mtu ukimwacha afike mwisho, pengine atasema jambo ambalo huna kifaa chake.

Mwishowe alibana skrubu tatu midomoni. Akifungua mdomo, zinaangukia ndani ya mashine na kazi inaharibika, na kazi yake aliiheshimu kuliko watu. Wiki ya kwanza alimeza moja. Ya pili alitetemeka na kutoka jasho, lakini alinyamaza. Hapo ndipo alipogundua kwamba mkewe, akifika mwisho wa maneno yake, alikuwa na kicheko kidogo, kifupi, cha mtu aliyetua mzigo. Miaka thelathini na moja hakuwahi kukisikia. Alikipenda papo hapo, akaanza kupokea redio nyingi kuliko alizoweza kutengeneza.

Nusu ile ilikuja siku ya Alhamisi, katika redio ya dereva wa lori. Fundi alikuwa na skrubu zake midomoni. Mkewe akasema: "...uchelewe kazini, ukae na mimi kidogo. Mkono huu siusikii tangu alfajiri. Naogopa."

Hakucheka mara hii. Ukaingia muziki.

"Imepona?" dereva akauliza.

Fundi alitoa skrubu mdomoni moja moja. "Imepona," akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na dereva akamwachia leso yake akaondoka. Tangu siku hiyo redio zilitoa stesheni moja kwa moja.

Jumamosi alasiri akaja binti yake wa pekee, muoka mikate, aliyeolewa mtaa wa pili. Alikuja na mkoba mkubwa kuliko wa kila siku, na skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Binti akakaa. "Baba," akasema, "mume wangu ame..."

Maneno yalimjaa fundi mdomoni: amesafiri, ameugua, amechoka na kazi. Akayameza yote. Aliweka mikono magotini, akangoja. Binti naye akangoja, akimtazama.

"Mbona humalizii?" akauliza binti.

"Sema wewe, mwanangu. Sina haraka."

Binti akafungua mdomo. Alikuwa anatafuta kweli, midomo ikichezacheza, macho yakizunguka chumbani. Tangu alipojifunza kuongea hakuwahi kufika upande ule wa sentensi.

"Mimi nimezoea kuishia hapo, baba," akasema taratibu. "Yanayofuata sinayo."

Fundi akanyanyuka, akawasha redio ya kwanza. Mpira. Akawasha ya pili. Wimbo. Ya tatu ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Usijisumbue," akasema mama mshona nguo kutoka mlangoni. "Huyo bado yu hai."

Fundi akazizima zote. Akavuta kiti chake karibu, wakakaa magoti yakigusana. Alitazama ile skafu, na mkono wa binti uliokuwa ukiivuta juu kila mara.

"Lala hapa leo," akamwambia.

"Siwezi, baba, kwa sababu..."

Alingoja tena, mpaka jua likaondoka kwenye benchi. Kisha binti akatazama saa, akashtuka, akachukua mkoba wake na kufunga skafu vizuri.

Jumamosi iliyofuata alikuja saa ileile. Fundi alikuwa ameshafunga kazi na kumwekea kiti. Binti akakaa, akasema, "Baba, mume wangu ame..." na fundi akanyamaza kabisa, kama alivyojifunza.