Mahali Pasiposontwa Kidole

Kutoka Kasongo hadi Kabambare barabara haiendi, inajikokota; na kutoka Kabambare hadi Lusangilo hakuna barabara tena, kuna nia tu. Naomie alifika akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi kucha, nyuma ya Kamaldine, mwendesha pikipiki wa Kasongo aliyekuwa akiimba kaswida kila walipopanda kilima na kumlaani fundi wa breki kila waliposhuka.

Mjomba wake Raphaël alikuwa akiwangoja mbele ya nyumba, amevaa shati la misa siku isiyo ya misa.

"Mupwa wangu! Si nilikuambia Mungu hatupi mutu? Wamenipa shamba!"

Naomie alilijua hilo, na ndilo alilokuwa akiliwaza njia nzima. Mjomba Raphaël aliwahi kuwa na shamba lake upande wa Salamabila, shamba la mpunga na mihogo lililomsomesha Naomie mpaka akapata diploma. Kisha wakaja wachimba dhahabu. Shimo lilizaa shimo, hata asubuhi moja mzee akakuta mhogo wake wa mwisho unaning'inia ukingoni, mizizi hewani. Akahamia Lusangilo, kwa watu wa marehemu mke wake, akawa mtu wa kulima kwa hisani: leo kipande cha huyu, kesho cha yule, na kila mavuno asante ndefu kuliko gunia.

Sasa ulikuwa umetoka mpango mpya wa matumizi ya ardhi. Mpango huo uliwapa wasio na ardhi sehemu ya pembezoni mwa msitu, kando ya kijito cha Kahembe. Ng'ambo ya Kahembe hifadhi ya wanyama huanza. Lilibaki jambo moja tu: mtu wa ofisi ya mazingira aje apime kama mpango utawadhuru wanyama wa hifadhi. Bila neno lake, mpango usingepelekwa Kindu, mji mkuu wa jimbo, kutiwa muhuri. Na mtu huyo alikuwa Naomie. Alikuwa amemwambia mkuu wake kwamba mjomba wake ni mmoja wa watakaopewa. Mkuu akamjibu kwamba hakuna mwingine aliye tayari kuvunjika kiuno kwenye njia ile.

"Ni wewe njo utasema ndiyo," Mjomba Raphaël alisema huku akimsogezea bugali. "Damu yangu!"

Naomie aliukunjua mpango juu ya meza. Ulikuwa safi. Mstari wa mashamba ulifika Kahembe ukasimama. Haukuigusa hifadhi hata kwa unywele. Angeweza kutia sahihi kabla bugali haujapoa, na asingekuwa amesema uongo. Lakini Naomie hakuwahi kupima mahali akiwa amekaa kitini, na hakutaka kuanza kwa mjomba wake.

"Mujomba, huku kwenye mashamba mapya kuna nini kwa sasa?"

"Hakuna kitu. Iko tupu."

"Nani alisema iko tupu?"

Mzee akamweleza. Watu wote walikusanyika uwanja wa kanisa, wakachora nchi yao chini kwa majivu. Majani ya mihogo yakawa mashamba, kokwa za chikichi zikawa nyumba, na kila mtu akaweka alichokijua: huyu kisima, huyu makaburi, huyu mtego wake wa samaki. Ile sehemu ya Kahembe hakuna aliyeweka hata jani. Mchora ramani, mtu aliyetoka mbali, akauliza: hapa je? Watu wakanyamaza. Akaandika: ardhi tupu. Mpango uliporudi na kusomwa, wakaulizwa nani anakataa. Wakanyamaza tena.

"Walinyamaza vipi?"

"Kunyamaza iko kunyamaza, mupwa wangu! Kula."

Ila Naomie alizaliwa na watu wa namna hii. Alijua kuna kunyamaza kwa asiye na neno, na kuna kunyamaza kwa mtu ambaye neno limemjaa kinywani.

Alasiri akaenda kwa Mama Marguerite, mkubwa wa wanawake wa ukoo wenye ardhi ile, akamkuta akigeuza mpunga juani. Baada ya salamu, Naomie alikunjua mpango na kuweka kidole Kahembe. Mama Marguerite alikishika kidole kile na kukikunja taratibu, kama mtu anayefunga kisu.

"Ile fasi haisontwi, mwanangu. Si kwa kidole, si kwa fimbo, si kwa kalamu."

"Basi kwa nini hamkusema wakati mpango unasomwa?"

"Tuseme nini? Anayekataa alipaswa kuonyesha anakataa wapi. Nani angesonta? Tukajua nyie mumesoma, mutaelewa. Watu wote wakila, wakaacha kipande kimoja cha nyama ndani ya sahani, mutu mwenye akili anasema hakina mwenyewe? Si anajua iko ya mwenye nyumba?"

Naomie alicheka, kisha akautazama tena mpango. Kijiji kizima kilikuwa kimepiga kelele kwa adabu, na adabu hiyo ikaandikwa "tupu".

"Mama, nipeleke nione."

Mama Marguerite aligeuza mpunga tena. "Kesho asubuhi. Na huyo muislamu wako wa pikipiki aje pia. Mutu mumoja akiona, watasema aliota."

Kulipokucha, Mama Marguerite aliwapa kila mmoja mayai mawili ya kuku, moja kila kiganja. Ndiyo ilikuwa desturi ya kuingia kule: mkono uliojaa hausonti, na mwenye kushika yai hatembei kwa fujo. Kipimo cha satelaiti na kamera vikabaki ndani ya mfuko nyumbani kwa mjomba. Naomie alijisikia kama mtu aliyetumwa vitani bila viatu.

"Mama," Kamaldine aliuliza, "na kama pua inaniwasha?"

"Itakuwasha."

"Na mbu?"

"Atakula. Wewe ulikula nini asubuhi? Na yeye ana asubuhi yake. Funga kinywa, tunakaribia."

Walipita kwenye vichaka vya zamani, kisha msitu mkubwa, ambako hata Kamaldine alisahau maneno yake. Hapakuwa na alama ya panga popote. Kisha msitu ukaisha ghafla, kama sentensi iliyokatwa.

Mbele yao ulifunguka uwanja wa matope na nyasi fupi, mpana hata miti ya upande wa pili ilionekana ya samawati. Ukungu ulikuwa ukinyanyuka bila haraka. Matopeni kulikuwa na matundu makubwa kama vinu, kingo zake zimelainika kwa kutumiwa, yamejaa maji ya rangi ya maziwa.

"Mkonga njo unachimba," Mama Marguerite alinong'ona. "Tembo wanafuata chumvi. Bibi yangu aliyakuta vile vile."

Kando ya tundu la karibu kulikuwa na kinyesi kikubwa, na kinyesi hicho kilikuwa bado kinatoa mvuke. Naomie akainama karibu zaidi. Kabambare watu walikuwa wakisema tembo wamekwisha, wanawasimulia watoto kama habari za wafalme wa kale.

Kwanza ulisikika mluzi mmoja, juu, upande wa hifadhi. Mwingine ukaujibu. Kisha anga lote likaanza kupiga mluzi.

Walikuwa kasuku wa kijivu. Naomie aliwahi kuwaona Kasongo, mmoja mmoja, katika vizimba vya barazani, wakisema "karibu" kwa sauti ya mwenye nyumba. Hakuwahi kufikiri kwamba wana lugha yao. Sasa walikuja kundi juu ya kundi kutoka ng'ambo ya Kahembe, wakiitana, wakichekana, wakigombana, wakitua juu ya mti mmoja mkavu mpaka mti ukaonekana umeota majani, na matawi yakainama kwa uzito. Na bado walikuja. Mti ulipojaa wakajaza wa pili, na wa tatu, na msitu mzima wa upande ule ukageuka kijivu na kupumua.

Kisha, kwa amri ambayo hakuna mwanadamu aliyeisikia, wakashuka wote. Hawakushuka kama ndege. Walishuka kama anga lililomwagwa. Upepo wa mabawa uliwapiga Naomie na wenzake usoni, wenye harufu ya matope na mvua ya jana. Mikia myekundu ilifunguka pamoja, uwanja ukawaka kutoka ukingo mpaka ukingo, kana kwamba kuna aliyepuliza makaa yaliyofichwa ardhini tangu dunia iumbwe.

Naomie alifundishwa kukadiria makundi. Alianza: hesabu sehemu moja, zidisha. Akapoteza. Akaanza tena, akapoteza tena, na safari hii hakurudi kuanza. Akachuchumaa, mayai yamelala viganjani, machozi yanatiririka bila yeye kuwa na huzuni yoyote.

"Subhanallah," Kamaldine alisema polepole. Ute wa yai ulikuwa ukichuruzika kati ya vidole vyake na hakujua. Mama Marguerite aliona, akatazama pembeni, akamstahi.

Kasuku walikunywa kwenye matundu ya tembo. Naomie alitazama hilo muda mrefu, na pale pale kazi yake ikamjia yenyewe, wazi kama maji. Tembo hutoka hifadhini kufuata chumvi, tembo huchimba, kasuku hunywa palipochimbwa. Mtie panga hapa, mwashe moto wa shamba hapa, na tembo hawatavuka tena Kahembe, na matundu yatajifunga, na anga hili halitashuka. Hifadhi ilikuwa nyumba, na hapa palikuwa jiko lake. Mpango uliacha nyumba salama, ukagawa jiko.

Mwiba ulikuja njiani wakati wa kurudi. Jiko hilo lilikuwa shamba la Mjomba Raphaël.

Alimwambia jioni ile ile, bila kuzunguka. Mzee aliweka kikombe chini.

"Ndege? Umepanda pikipiki toka Kasongo kuninyima shamba sababu ya ndege?"

"Mujomba, sijakunyima. Nakuomba uende uone."

"Mimi nikaone nini? Kule Salamabila walininyang'anya sababu ya dhahabu. Angalau dhahabu mutu anaielewa!"

"Ukirudi ukasema nitie sahihi, nitakusikiliza."

"Utatia?"

Naomie alikunja mpango, na mzee, aliyemjua, akaelewa kwamba asingetia. Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Mama Marguerite, amenuna, viganja vimenyooshwa kupokea mayai.

Siku hiyo Naomie hakutazama kasuku. Alimtazama mjomba wake. Mzee alifika, akainama kwanza kwenye udongo, kama mkulima yeyote. Aliusogeza kwa ncha ya kiatu. Ulikuwa mweusi, mnene, udongo ambao mtu huuota usiku akiwa na njaa. Alikuwa bado ameinama pale mluzi ulipoanza. Akainua kichwa. Anga liliposhuka, kofia yake iliruka kwa upepo wa mabawa na hakuifuata. Mdomo wake ulifunguka kidogo, na uso ule, ambao mashimo ya Salamabila yalikuwa yameukunja kama kitambaa cha zamani, ukakunjuka.

Paa la kanisa lilipoonekana, mzee alisema:

"Udongo ule ni mweusi, Naomie."

"Niliuona, mujomba."

"Mweusi sana."

Naomie hakumpeleka nyumbani. Alimpeleka moja kwa moja uwanja wa kanisa, ambako watu wa ukoo walikuwa wamekaa kungoja habari za kutoka Kahembe, na akasimama mbele yao na hasira yake yote ya ujana.

"Wazazi wangu, nisameheni, nitasema vibaya. Mwiko wenu ni mzuri, na mimi nitaandika mashamba yasifike kule. Tutachora kila kitu kinachopazunguka, kijito, njia, miti, mpaka hata kipofu aone hapaguswi. Lakini huyu mzee mulimwona anavaa shati la misa kwa furaha, na mukanyamaza. Heshima yenu kwa ile fasi isilipwe kwa tumbo yake. Kama heshima ni ya kwenu, basi mumupe kitu cha kwenu."

Palinong'oneka. Kuna aliyesema mtoto wa shule ana mdomo kama tarumbeta. Mama Marguerite ndiye aliyesimama, akipangusa pumba za mpunga mikononi.

"Tarumbeta inapigwa ili watu waamke," alisema. "Shemeji Raphaël, iko ile ardhi yetu nyuma ya kanisa. Tuliiacha ipumzike. Imechoka, ina mizizi, sitakudanganya. Ila kuanzia leo hauombi mutu. Ni yako na ya watakaozaliwa kwako."

Wengine wenye ardhi inayopumzika walitazamana, wakaona aibu kukaa, wakasimama mmoja mmoja kuwataja na kuwapa vipande wale wengine waliokuwa wamegawiwa kule Kahembe. Si wote walifurahi. Mmoja aliondoka akitema mate.

Kesho yake, kabla ya kupanda pikipiki, Naomie alienda nyuma ya kanisa. Mjomba Raphaël alikuwa akipambana na kisiki katika udongo mwekundu, mgumu, shati limeloa.

"Nisomee ulichoandika," alisema bila kuinuka.

Naomie akasoma: kwamba sehemu ya Kahembe ni makazi ya wanyama wanaolindwa, kwamba isilimwe, kwamba kuna matundu ya tembo na kasuku wengi.

"Simama hapo. Wengi?" Mzee aliinuka, akaegemea jembe. "Wengi ni mbuzi wa jirani. Wengi ni watu wa sokoni. Utawaambia watu wa Kindu 'wengi' na wao walale?"

"Nilijaribu kuhesabu, mujomba. Nilishindwa."

Mzee alitazama lile shamba lake jipya, mizizi yake, mawe yake, ukubwa wa kazi iliyobaki. Kisha akatema mate viganjani na kushika mpini tena.

"Andika hivi: mutu mwenye njaa ya shamba alisimama pale, akasahau njaa yake. Wataelewa."

Naomie akaandika, neno kwa neno, huku jembe likianza upya kugonga mawe nyuma yake.