Harusi Iliyogeuzwa Msiba

Mpaka leo nikikumbuka jambo lile damu hunichemka, na sitaki kuambiwa nipunguze jazba. Wimbo wa harusi tuliugeuza msiba, sisi watu wazima wenye akili zetu timamu, na mimi nikiwemo.

Tulikuwa watatu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipiga piano. Kaka yangu alipiga besi, ile kubwa ya kusimama nayo, na mimi nilikuwa kwenye dramu. Shemeji tulimwita Profesa, kwa sababu anafundisha muziki chuoni na haachi kufundisha hata akiwa anakula. Kaka ni fundi makochi, na mazoezi tulifanyia nyuma ya karakana yake. Tulipiga jazi katikati ya viti vilivyochunwa ngozi, sponji zimerundikwa hadi dari, na kila nikikanyaga ngoma ya mguu vipande vya uzi vilirukaruka sakafuni.

Profesa alipata nota za nyimbo saba za mzee mmoja Myahudi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mzee alizitunga kutokana na nyimbo walizokuwa wakiimba mezani kwa babu yake, nyimbo zisizo na maneno, za mdomo na viganja tu. Tulimwandikia kumwomba ruhusa, akaturudishia jibu siku ile ile: tuzipige kwa mtindo wetu, tuzivunje tunavyotaka. Wimbo wa nne haukuandikiwa mwendo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Huu ni wa huzuni," Profesa akaamua. "Taratibu sana. Wewe acha vijiti, pangusa ngoma kwa brashi tu."

"Nani kakwambia?"

"Shemeji, hawa ni Wayahudi. Hujui yaliyowapata?"

Nayajua, asiyeyajua nani? Lakini nilizitazama zile nota, nikaona haziendi taratibu hata kidogo. Nikampigia mzee simu. Alicheka, akaweka simu mezani, akagonga ubao kwa vifundo vya vidole: harakaharaka, kila mstari unaishia kwa kishindo. Kisha akanieleza. Aliutunga kwa ajili ya harusi ya dada yake, miaka hamsini na nane iliyopita. Walimnyanyua bibi harusi na kiti chake, wakamzungusha hadi kiatu kikamdondoka, naye akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Tangu siku ile hajausikia tena ukipigwa.

"Anakuja Jumapili ile ya onyesho lenu," mzee alisema. "Miguu imemgomea, ila masikio yake mazima. Anautaka huo tu."

Nilipomfikishia Profesa habari hizo, hakuinua hata uso. "Watunzi hawajui walichotunga," alisema. "Kuna huzuni ndani yake asiyoijua mwenyewe."

Hebu nisaidieni. Aliyemtungia dada yake wimbo wa kucheza hajui, ila aliyeusoma juzi Jumanne ndiye anayejua! Kwa Profesa watu wale walikuwa na kazi moja tu duniani, kulia, ili yeye apate wa kuwahurumia. Wakicheka wanamharibia onyesho. Nilimgeukia kaka anitetee. Alikuwa anapiga pini kwenye mto wa kochi, akasema tusigombane, mwenye kusoma ndiye Profesa. Nami nikazichukua zile brashi. Nikazichukua! Wiki tatu nzima nilipangusa ngoma kama mtu anayefuta vumbi, nikinung'unika peke yangu.

Jumapili ya onyesho, saa kumi jioni, ukumbi wa shule ulijaa. Mzee alikaa mstari wa mbele. Pembeni yake alikuwa dada yake, bibi mwembamba mwenye blauzi ya njano, aliyejipaka rangi ya mdomo kwa uangalifu mkubwa. Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri, na mzee alitabasamu hata pale tulipozivunja kabisa. Ndipo Profesa akasimama kuhutubia. Alizungumzia mateso. Alizungumzia machozi ya karne na karne. Kisha akaketi, akafumba macho, akaanza.

Sauti tano za kwanza zilitosha. Uso wa bibi ulichanua, akainua viganja vyake tayari kupiga makofi, akangoja. Sauti ya sita ilijikokota. Ya saba nayo hivyo hivyo. Viganja vilibaki hewani, havijui vitue wapi, na mama mmoja nyuma yake alikuwa ameshaanza kujifuta machozi kwa leso. Bibi akamgeukia kaka yake, akauliza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia:

"Amekufa nani?"

Mzee aliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa.

Nikaziweka brashi chini. Nikasimama.

"Samahanini," nilisema. "Huu ni wimbo wa harusi. Bibi harusi mwenyewe ni huyu hapa mbele."

"Shemeji, usinivunjie heshima," Profesa alininong'oneza.

"Heshima ya nani?"

Nikachukua vijiti, nikahesabu hadi nne, nikaupiga kama nilivyousikia kwenye simu. Kaka alinitazama, akamtazama Profesa, akaikumbatia besi yake na kuingia. Piano kimya. Profesa aliweka mikono magotini, amenuna, kwa hiyo ukawa ni kishindo tu kisicho na wimbo. Mzee akauimba mwenyewe, la-la-la, koo limekwaruza, na dada yake akaanza kupiga makofi, amechangamka, kichwa kikienda huku na huku. Watu wakamfuata, wengine nje ya mapigo kabisa. Yule mama wa leso alitukodolea macho kana kwamba tumemtapeli.

Tulipomaliza bibi alikuwa akihema, rangi ya mdomo imemfika shavuni. Akamwona Profesa nyuma ya piano, mikono bado magotini. Alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Na wewe, baba," akamuuliza, "hukualikwa?"