Mgeni wa Sauti ya Juu

Hapa kijijini kwetu Caney Fork, milimani, mtu mwenye akili zake haendi kunyolewa kwa Estill Jumamosi baada ya saa sita na nusu. Ikifika saa saba kamili, Estill huweka mkasi chini hata kama umebakiza nywele tatu, akachukua gitaa lake. Hamwonyi mtu, kwa sababu kila mtu anajua. Ctibor hakujua.

Nilimkuta kitini nilipoingia na besi yangu, ile kubwa inayonizidi urefu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shuka la kinyozi shingoni, upande wa kushoto umenyolewa vizuri na wa kulia ni kichaka. Alikuwa ametumwa kutoka Ucheki kuja kufunga mashine mpya za kupasulia mbao kule kiwandani, akae wiki saba kisha arudi kwao.

"Bwana," alimwambia Estill, "hujamaliza."

"Nitamaliza. Nyimbo zikiisha."

"Nyimbo ngapi?"

"Hatujawahi kuzihesabu," alidakia Goble, dereva wa basi la shule, akitoa banjo yake. "Tulia tu, ndugu. Nywele haziendi popote."

Sisi wenyewe hatukuwa na raha siku hizo. Muziki wetu wa bluegrass, huu wa milimani wa gitaa na banjo, unataka sauti ya juu, ile nyembamba inayopanda juu ya nyingine zote mpaka msikilizaji asisimke mwili, na yetu ilikuwa imetutoka. Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, Arliss. Miaka miwili nyuma, kwenye harambee ya zimamoto, mbele ya watu wote, nilisimamisha wimbo katikati nikamwambia anaimba kama paka aliyebanwa na mlango. Kwetu unaweza kumtukana mtu asubuhi ukasamehewa kabla ya chakula cha jioni, lakini wimbo hausimamishwi katikati. Nyumba ikishika moto, mnamaliza wimbo kwanza. Arliss alifunga mandolini yake kwenye kasha, akaondoka, na tangu siku hiyo anapiga na watu wa ng'ambo ya mlima. Hatukusemezana tena. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata breki.

Hilo ningeweza kuishi nalo, kwa ukaidi wangu. Nisiloweza kuishi nalo lilikuwa neno la mama. Mama yangu Icy ana miaka tisini na moja. Kila Jumapili ya mwisho ya Mei ukoo wetu hupanda kilimani kupamba makaburi, na mbele ya kaburi la babu tunaimba wimbo alioutunga yeye mwenyewe, kwa sauti nne. Mwaka jana tuliuimba kwa sauti tatu. Mama alisikiliza ubeti mmoja, akageuza fimbo yake, akateremka peke yake.

"Mwakani nisipousikia mzima," aliniambia ndani ya gari, "sipandi kilima hiki tena mpaka mnibebe. Na siku hiyo mkinibeba, imbeni mnavyotaka, sitasikia."

Mama hatanii. Mwaka mzima nilitafuta sauti ya juu. Nilijaribu mchungaji, nikajaribu binti wa posta, nikajaribu hata Goble, na mbwa wa Estill akatoka nje.

Basi Jumamosi ile tukaanza kupiga, mgeni wetu amekaa na shuka lake. Kwenye wimbo wa tatu nikasikia sauti ya juu. Nilidhani redio ya jirani. Nilipogeuka nikamwona Ctibor, nusu kichwa kimenyolewa, macho ameyafumba, anaimba kwa maneno ambayo sikuelewa hata moja, lakini sauti yake imekaa pale pale inapotakiwa kukaa. Vidole vyangu nusura viache nyuzi.

"Umejifunza wapi wewe?" nilimuuliza tulipomaliza.

"Nyumbani, Bi Orlena. Baba na rafiki zake waliimba nyimbo hizi msituni kando ya moto, kwa lugha yetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni nyimbo zetu sisi."

"Zenu!" Goble alipiga kelele. "Estill, funga mlango, mwizi amejileta mwenyewe!"

Ctibor alicheka mpaka shuka likamdondoka. Kisha akaliokota, akasema, "Nina siku kumi na mbili hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo lisilo la mashine." Niliona haya. Hoteli anayolala iko dakika tano kutoka kwangu, na mimi kila siku nampita mtu huyu akila mkate wake peke yake kwenye ngazi za hoteli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Toka hapo Jumamosi zote alikuwa wetu, na kila Jumatano akaja jikoni kwangu kujifunza maneno ya wimbo wa babu. Alikula maharage yangu na mkate wa mahindi kama mtu aliyetoka jela, akanitania kwamba besi yangu ingetosha kujengea choo, nami nikamwambia kichwa chake kingetosha kuwa mlango. Nilimpenda upesi. Nikamfundisha na adabu za duara letu la wapigaji: ukimaliza zamu yako unarudi nyuma hatua moja, unamwachia mwenzako nafasi, na mwenye sauti harukwi, awe nani awe nani. Habari za Arliss sikumgusia. Mara mbili nilifungua mdomo, nikaona aibu, nikampakulia maharage mengine.

Jumapili ikafika, jua limetulia, maua kila kaburi, na vyakula vimepangwa kwenye meza ndefu chini ya miti. Mama alikaa mbele kwenye kiti cha kukunja, fimbo magotini. Arliss naye alikuja, maana waliolala pale ni wake pia, lakini alisimama mbali karibu na uzio, kofia mkononi, hanitazami.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza Ctibor aliuimba vizuri hata nikaona mama amefumba macho, na moyo wangu ukatua kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nikasema, tumepona.

Ubeti ukaisha. Ctibor akarudi nyuma hatua moja.

Nilidhani amesahau maneno. Kumbe alikuwa amemwona mtu kule kwenye uzio, midomo inacheza, wimbo anaujua wote. Akamnyooshea mkono wazi: zamu yako, bwana. Hakujua. Katika watu sitini waliokuwa pale kilimani, ni yeye tu ambaye hakujua.

Estill akanitazama. Goble akatazama viatu vyake. Banjo na gitaa vinazunguka pale pale, vinangoja mwimbaji, na Arliss hamtazami Ctibor, ananitazama mimi. Ningeweza kuuimba ubeti huo mwenyewe, vibaya, na mambo yangebaki kama yalivyokuwa. Nilitamani kufanya hivyo, sitasema uongo. Lakini nikainua besi yangu, bila kuacha kupiga, nikaisogeza pembeni hatua moja, ili mtu apate pa kusimama.

Arliss alikuja akiwa tayari anaimba. Sauti yake ilipanda kwa ile njia ninayoijua tangu tunalala chumba kimoja, na mimi nikalia waziwazi kama mtoto, pua inachuruzika, mikono yote miwili imeshikwa na kazi.

Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Makaburini hatupigi.

"Arliss," nikasema, "siku ile haikuwa sauti yako. Ilikuwa besi yangu. Vidole viliteleza."

"Najua."

"Ulijua?"

"Dada, kila mtu alijua. Hata lile basi la Goble lilijua."

"Basi mbona hukusema?"

"Nikuambie wewe? Na mimi nilitaka kuishi."

Nikamkumbatia kwa nguvu, akalalamika kuhusu mbavu zake. Mama akagonga fimbo chini.

"Mkimaliza kubanana, imbeni tena, toka mwanzo. Na huyo mtoto wa watu asirudi nyuma tena. Nafasi ipo."

Tukauimba kwa sauti tano, jambo ambalo babu hakulipanga, na mama alikaa mpaka neno la mwisho.

Wakati wa chakula Ctibor alikaa kati yangu na Arliss. Goble alikwisha kumweleza ugomvi wote, akiutia chumvi, na uso wa Ctibor ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Bi Orlena, mbona hukuniambia? Wiki tano nakula kwako!"

"Ungejua, ungefanya nini?"

Akafikiri, huku anatafuna.

"Ningenyamaza," akasema. "Kama ninyi wote."

Nilimwongezea kipande cha kuku, kile kikubwa nilichokuwa nimemwekea Arliss, na Arliss mwenyewe akamsogezea sahani.