Imepoa, Baba

Wale wawili, baba mkwe na mkwe, walikuwa hawaambiani ukweli hata kidogo, na wala hawakuwa na ugomvi. Ilikuwa adabu tu. Ile adabu ya kuulizana habari za nyumbani, za kazini, za majirani mpaka za kuku, na kila jibu ni "nzuri tu," hata kama paa linaungua nyuma yako.

Baba mkwe alikuwa fundi magari. Mtaani walimwita Masikio, kwa sababu alikuwa anaisikiliza injini kwanza ndipo ashike spana. Asubuhi ile aliamka na moyo mzito, hata chai ikamshinda. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa anarudi kwake ng'ambo ya mlima na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu nyumba nzima ilikuwa inaizungumzia kwa sauti ya chini, kana kwamba wakiitaja kwa nguvu itasikia na kukimbia. Na mumewe alikuwa amekuja kumchukua na pikapu yake, kuukuu, kutu nyingi kuliko rangi.

"Nasikia inachemka," Masikio alisema, akifungua boneti.

"Kidogo tu, baba." Mkwe alisimama kwa heshima, mikono nyuma.

"Kidogo vipi?"

"Ikipanda mlima. Kidogo."

"Na maji? Unaongeza?"

"Siyo sana, baba. Tunashukuru."

Tunashukuru! Sasa huyu anashukuru nini? Nyuma ya pikapu kulikuwa na madumu matatu matupu, yote bado yana unyevu ndani. Masikio aliyaona vizuri sana. Angekuwa mteja mwingine angemwambia, bwana wee, usinifanye mimi mtoto mdogo, gari hili linakunywa maji kuliko ng'ombe. Lakini mkwe haambiwi hivyo. Akameza maneno yake, akashika kazi.

Injini ilikuwa imelala usiku kucha, baridi kabisa. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza sawasawa. Feni nzima. Chini ya pampu ya maji pakavu, na pale gari lilipolala hapakuwa na hata tone. Basi maji yote hayo yanakwenda wapi? Akafungua kofia ya rejeta, akajaza maji mpaka mdomoni, akamwambia mkwe awashe. Akainama kutazama. Likaja povu moja, likapasuka. Yakaja mawili. Halafu yakaanza kuja mfululizo, bwi, bwi, bwi, kama chungu kilicho jikoni, na ile injini ilikuwa bado ya baridi, ungeweza kuilalia shavu.

Akafunga kofia, akaushika mpira wa juu wa rejeta. Ulikuwa umeshavimba, mgumu kama tango.

Hapo akajua. Gasketi ya silinda ilikuwa imekufa, na ule moto wa ndani ulikuwa umepata njia ya kuingia kwenye maji. Gari la namna hii linajipuliza lenyewe, linayasukuma maji yake nje mpaka yaishe, kisha linabaki na mvuke uliofungiwa. Masikio alikuwa na kovu lililoanzia shingoni mpaka kifuani, la kofia ya rejeta aliyoifungua kwa haraka enzi za ujana wake. Lilikuwa halijamwasha miaka na miaka. Asubuhi ile liliwasha.

Akafuta mikono, akakohoa. "Mwanangu," alisema, "mimi naona, kama haitakuwa usumbufu, ingefaa ipumzike kidogo."

"Sawa kabisa, baba. Asante sana."

Ipumzike kidogo! Alichotaka kusema ni kwamba gari hili halitoki hapa, na binti yangu hapandi humo hata kwa dawa. Lakini utamwamrishaje mume wa mtu mbele ya mkewe? Mkwe naye alitii kama alivyoambiwa. Akaipumzisha muda wa kikombe kimoja cha chai, akajaza madumu yake, akampandisha mkewe mbele polepole, wakaondoka. Masikio akabaki getini anapunga mkono, na huku roho inamwambia, wakimbilie, wakimbilie.

Muda mrefu baadaye mke wake alimkuta palepale, kasimama, barabara tupu.

"Mbona umeganda? Gari lina nini?"

"Gasketi."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

Masikio akatazama chini. "Kwamba ingefaa ipumzike kidogo."

"Ebo!" Mama akapiga makofi. "Hiyo ni lugha ya washenga! Mwanangu yumo mle ndani na mjukuu wangu, wewe unaremba maneno? Piga simu. Piga sasa hivi!"

Simu iliita sana ndipo ikapokelewa. Upepo ulikuwa unavuma upande wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mko wapi?"

"Tuko huku juu mlimani, kona ya mwisho. Tunakwenda vizuri tu."

"Gari je?"

"Nzuri tu, baba. Mshale wa joto ulipanda kidogo, ukaingia kwenye nyekundu, lakini sasa umeshuka wenyewe mpaka chini kabisa. Imepoa, baba. Tumesimama niongeze maji."

Masikio akaibana simu sikioni. Mshale ule husoma maji. Maji yakiisha hauna cha kusoma, unalala chini kwa utulivu kama gari jipya, na hapo ndipo chuma kinaungua kuliko wakati wowote. Haikuwa imepoa. Ilikuwa inamngoja mtu wa kuifungua.

"Nani ameshika maji?" aliuliza, na sauti yake ikawa nyembamba.

"Mke wangu yuko hapa ubavuni, amenishikia dumu. Samahani baba, nakuweka sauti kubwa, nifungue hii kofia."

"Mwanangu, naomba, kama unaweza..."

"Ndiyo, baba," mkwe akajibu, vilevile alivyozoea kujibu kila kitu, na Masikio akasikia chuma kikisaga chuma. Kofia inazunguka.

"ACHA! Mjinga wewe! Pumbavu mkubwa! Toa mkono wako hapo, mtoe mwanangu hapo!"

Upepo. Halafu mlipuko, paa! na mfoko mrefu kama wa nyoka mkubwa, na ndani yake ukelele wa mwanamke. Simu ikakatika.

Alipopiga tena haikupatikana. Akawasha pikipiki ya gereji, mama akapanda nyuma bila viatu, wakashika njia ya mlimani. Mama alikuwa amemshika kiunoni kwa kucha. Kila kona Masikio aliona mbele yake uso wa binti yake, na kila kona akaufukuza.

Pikapu ilikuwa imesimama pembeni, boneti wazi. Maji ya kutu yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye kioo. Dumu limelala barabarani, kofia ya rejeta haionekani. Na hapakuwa na mtu.

"Mwanangu!" mama aliita. "Mwanangu wee!"

"Tuko huku."

Binti alikuwa amekaa kwenye majani nyuma ya jiwe, mikono miwili tumboni, uso umepauka. "Anacheza," alisema kabla hajaulizwa. "Anapiga mateke." Mama akamwangukia, akalia kwa sauti.

Mkwe alikuwa amesimama mbali kidogo, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kilicholowa. Vidole vilivyotokeza vilikuwa vyekundu, vimeanza kutoa malengelenge.

"Nilikuwa nimeshailegeza, baba," alisema. "Ulivyonitukana nilishtuka, nikaruka nyuma, nikamvuta na yeye. Sikuelewa kitu. Nilishtuka tu."

Masikio akaushika ule mkono, akautazama. Mazoea yakamtangulia mdomoni.

"Gari je?"

Mkwe akafungua mdomo. Lile "nzuri tu" lilifika mpaka kwenye meno, likakwama.

"Imekufa, baba," alisema. "Na ilikuwa inakufa tangu mwezi uliopita. Nilijua."

"Hata mimi nilijua," Masikio akasema. "Tangu asubuhi." Kisha akakaa chini palepale kwenye majani, bado ameushika mkono wa mkwewe.