Marinda ya Mjomba

Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani, anatia mafuta kwenye gurudumu, Mjomba alipoingia na mapazia ya duka lake begani. Alimsalimia kutoka huko huko chini, maana mafuta yakishaanza kudondoka hayangoji mtu anyanyuke.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Acha hayo, njoo uangalie haya."

Mapazia yalikuwa ya kitambaa kizito, rangi ya maziwa, na jana yake yalikuwa yananing'inia wima kama mapazia ya watu wengine. Usiku yalikuwa yamekunjwa marinda kuanzia juu hadi chini, kila rinda limelalia mwenzake, kwa uzi mweusi uliokazwa vizuri. Pazia lililokuwa likifunika dirisha zima sasa halikufika upana wa taulo. Fundi alipitisha kidole juu ya mshono. Kila rinda la saba lilikuwa pana kidogo kuliko mengine. Aliujua huo upana tangu utotoni. Kifaa cha marinda cha marehemu mama yake kilikuwa na jino moja lililopinda, na mama alikataa kabisa linyooshwe. Alisema watu wakiona rinda pana wajue nguo imetoka kwake.

"Ni kile cha mama," Fundi alisema.

"Najua ni kile cha mama yako. Sijaja kuuliza nani. Nimekuja ufumue."

Fundi alichukua wembe wake mdogo, akaketi, akafumua.

Mama yake alikuwa ameacha cherehani ya kukanyaga na kopo pana la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na vifaa vya chuma, vile vinavyofungwa kwa skrubu moja kwenye mguu wa cherehani, kila kimoja na kazi yake. Kimoja kilikunja marinda, kimoja kilipinda pindo, na kimoja kilitoboa matundu ya vifungo na kuyazungushia uzi. Vilitengenezwa enzi za viwanda vilivyoamini kwamba mnunuzi atakufa kabla ya chuma. Mama alikuwa na taratibu zake. Hakulaza kifaa chochote kinywa kitupu. Akimaliza kazi alikata kipande kidogo cha kitambaa kilichobaki, akakitia kati ya meno, ndipo akafunika kopo.

"Kisipolala na kitambaa kitatafuta chenyewe cha kushika," alimwambia binti yake, na hakufafanua zaidi, kwa kuwa hakuona la kufafanua.

Wiki ya msiba, Mjomba, ambaye ni mdogo wake marehemu, alikuja akafunua lile kopo. Akalitikisa, akasikiliza mlio wake. Akashika pua.

"Mwanangu, hii kutu itakupa pepopunda. Nipe nikakutupie."

Fundi alimpa kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia, na mjomba wako hubishani naye udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Hilo lilikuwa kosa lake, na tangu hapo kila alipokunja marinda kwa mkono alimlaani Mjomba kidogo na yeye mwenyewe kidogo.

Wakati huo Mjomba alikuwa anauza majokofu yaliyotumika. Alikuwa na sikio refu, na alishasikia kwamba watu wenye sebule kubwa wanavitafuta vifaa vya cherehani za zamani wakaviweke kwenye vioo. Kabla msiba haujapoa, majokofu yalitolewa nje, na ndani zikaingia rafu za kioo, kila rafu na kitaa chake. Mwanzoni kifaa cha marinda kiliuzwa bei ya jogoo. Kisha bei ya mbuzi. Mafundi wa mtaani waliposikia bei ya baiskeli, wakauza vya kwao, wakacheka njia nzima. Walipotaka kununua tena ili wafanye kazi, bei ilikuwa ya pikipiki na haishikiki. Wanunuzi walikuwa watu wasioweza kutunga uzi kwenye sindano. Mmoja wao, daktari wa meno aliyestaafu, aliondoa sahani za harusi yake kabatini ili apate nafasi.

Vifaa vya marehemu dada yake, Mjomba hakuviuza. Aliviweka kioo cha mbele, akangoja bei ikomae. Kabla ya kuviweka alivisugua kwa dawa ya meno hadi mtu akaweza kuona pua yake ndani yake, na vile vipande vya vitambaa alivichomoa kwa kibano kimoja kimoja. Akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akampelekea Fundi.

"Vitambaa vyako hivi. Nisije nikaambiwa nimekula mali ya yatima."

Fundi aliutundika mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango. Sketi za kwaya na magauni ya maharusi, ambayo mama yake aliyamaliza kabla ya chakula cha mchana, yeye yalimchukua siku nne, vidole vinachomwa na sindano. Wateja walimwonea huruma, kisha wakahama. Alikwenda dukani kuomba aazimwe kile cha marinda kwa siku moja tu, akamalize oda ya kwaya. Mjomba alimtazama kwa macho makavu.

"Ukikitumia kitachakaa. Kikichakaa kitashuka bei. Wewe mtoto hujui biashara."

Siku hiyo Fundi alirudi nyumbani akaketi mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Alimwombea Mjomba mabaya. Hakutaja mabaya gani. Aliwaachia wenye ujuzi wachague.

Baada ya mapazia zikafuata suruali. Kila asubuhi Mjomba alizikuta zimepindwa pindo, kwanza juu ya kifundo cha mguu, kesho yake chini ya goti, keshokutwa juu ya goti. Kabati la kioo lilikuwa na kufuli na funguo alilala nazo. Vifaa vilikutwa ndani, kila kimoja mahali pake, vinang'aa, na nyuzi za rangi ya suruali zimebaki kwenye meno. Mjomba alikwenda benki na kaptura. Alipopita mbele ya kibanda cha Kinyozi, jirani wa Fundi waliyetenganishwa naye na ukuta wa mbao, Kinyozi alizima mashine yake ili atazame vizuri.

"Pindo safi," alimwambia Fundi kupitia mwanya wa mbao. "Nani kamshonea?"

"Mama."

"Marehemu mkono wake uko vile vile."

Benki walizikataa hela zake, kwa sababu kila noti ilikuwa na tundu la kifungo katikati, limezungushiwa uzi mzuri wa hariri. Karani alimshauri azitafutie vifungo. Siku chache baadaye matundu yakahamia kwenye ndewe za masikio yake, moja kila upande. Halafu marinda yakaanza shingoni. Yalipanda taratibu hadi mashavuni, membamba, yamelingana, na kila rinda la saba pana kuliko mengine. Hayakumuuma. Yalimsumbua tu wakati wa kunyoa, na Kinyozi akawa anamtoza bei ya watu wawili.

Mjomba alikuja kwa Fundi, akaketi kwenye kiti cha wateja, chini ya ule msumari. Mfuko wa vitambaa ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa chake.

"Mama yako alikuwa anavituliza vipi hivi vidubwana?"

"Sijui, Mjomba."

"Hakuwahi kukuambia?"

"Nilikuwa mtoto. Na biashara siijui."

Ilikuwa tamu kumjibu hivyo. Hakuna haja ya kumsingizia Fundi utu ambao siku hiyo hakuwa nao. Ilimshuka kifuani, ikampoza, na usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu msiba. Hata hivyo alipomsindikiza mlangoni alimwambia neno moja la haki.

"Rudisha kopo, Mjomba. Vitatulia."

Mjomba akacheka, na marinda ya mashavuni yakafunguka na kujifunga.

"Kopo gani? Ulinipa nikatupe. Nikatupa. Hivi ni vyangu."

Daktari wa meno alikuwa amesikia habari. Akaja na miwani ya kukuzia, akachunguza nyuzi zilizobaki kwenye meno ya vifaa, kisha akachunguza shingo ya Mjomba kwa heshima ile ile. Akasema kwamba kifaa kizima, kinachong'aa, na kinachofanya kazi bila cherehani wala mtu, hakijawahi kuingia sokoni. Akataja bei ya kiwanja. Wiki hiyo hiyo akatokea mwingine akataja bei ya kiwanja chenye kisima. Mjomba akawajibu wote kwamba bado anafikiria, akawasindikiza hadi nje akiwa amevaa kaptura fupi kuliko zote. Kila rinda lililoongezeka usoni mwake liliongeza bei, na alianza kuamka mapema ili ajiangalie kwenye kioo.

Ndipo asubuhi moja akaja kwa Fundi na leso imefunika mdomo. Alipoitoa, midomo yake ilikuwa imepindwa kwa ndani na kushonwa pamoja, pindo jembamba lisilo na doa, kutoka kona hadi kona. Alikuwa anapumua kwa pua kwa shida. Alinyoosha kidole kwenye wembe.

Kibanda cha Fundi kilikuwa na giza kwa kazi kama hiyo, kwa hiyo walihamia kwa Kinyozi, mwenye kiti kinacholala nyuma na taa nzuri. Wateja waliokuwa wanangoja kunyolewa wakasogea. Mmoja akasema yeye hana haraka. Kinyozi akamfunga Mjomba shuka shingoni kwa mazoea.

Fundi alikuwa amejifunga aproni, na mfukoni mwa aproni alikuwa ametia ule mfuko wa plastiki. Hakuwa amepanga kusamehe. Alikuwa amekasirika vile vile. Lakini mtu akisema neno ambalo umelingoja muda wote huo, usikutwe huna cha kumpa, na yeye alikuwa tayari siku hiyo hiyo kwenda dukani akavilishe vile vyuma kimoja kimoja.

"Nitafungua katikati, Mjomba," alisema. "Si pote. Na neno la kwanza litakalotoka, liwe lile kopo lilikuwa la nani. Jina la mwenyewe tu. Ukilitaja nitafungua kote, na nitakuonyesha mama alivyokuwa anavituliza."

Mjomba alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka, yakaingia kwenye marinda, yakashindwa kutoka.

Fundi alifumua. Uzi ulikuwa mweusi, ule ule wa mama, uliokuwa unanunuliwa kwa boksi zima. Alipofika mwisho alipuliza vinyuzi vilivyokatika, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Kinyozi alikuwa ameshazima mashine.

Mjomba akavuta pumzi ndefu kupitia lile tundu. Akalamba ukingo wake.

"Kile cha marinda," alisema, "kwa kuwa ni wewe, nitakupunguzia."

Mtu mmoja kwenye benchi alikunja gazeti lake. Fundi aligusa mfuko wa vitambaa ndani ya aproni, akauacha palepale.

Kisha akatunga uzi. Alimwambia Mjomba atulie, naye akatulia, kwa sababu alidhani wanaelewana. Fundi alilizungushia lile tundu kwa mkono, mshono mfupi mfupi unaobanana, kama alivyofundishwa, ili lisichanike. Akachagua kwenye kopo lake la vifungo kifungo kikubwa cha koti, cheusi, chenye matundu manne, akakishona chini ya mdomo, akakizungushia shina la uzi ili kisilegee. Akakifunga. Akakifungua, akakifunga tena, kuhakikisha kinapita bila kukwama.

"Ni kazi nzuri," Kinyozi alisema, akamfungua Mjomba shuka, akaikung'uta.

"Asiyejua bei atamfungua amuulize," Fundi alisema. "Akimaliza amfunge."

Na ndivyo ilivyo hadi leo. Wateja wakija dukani wanamfungua Mjomba kifungo, wanasikia bei, wanamfunga. Daktari wa meno humfunga kwa uangalifu zaidi kuliko wengine, ana mikono ya kazi hiyo. Bei imepita kiwanja, imefika nyumba yenye ghorofa, na kifungo nacho sasa kinahesabiwa ndani yake. Vifaa vya marehemu viko kioo cha mbele, kila kimoja na kitaa chake, na vinaendelea kumshona Mjomba usiku kwa usiku, mahali popote penye nafasi. Mjomba hajavirudisha wala hajaviuza. Anangoja bei ikomae.

Vile vipande vya vitambaa Fundi alivishona pamoja, akajaza pamba, akapata mto mdogo wa rangi nyingi. Ameuweka kwenye kigoda cha cherehani.

Kila asubuhi Mjomba hupita mlangoni kwake akienda kufungua duka. Fundi huacha kazi na kusimama, kwa kuwa ni mjomba wake.

"Shikamoo, Mjomba."

Mjomba husimama, hufungua kifungo, husema "Marahaba," hukifunga, huenda zake. Fundi huketi juu ya mto wake, akaendelea na sketi za watu, rinda moja moja, kwa mkono, na la saba analiacha pana.