Shamba la Salmini Karibu na Maji

Mwanangu Salmini alikuwa na shamba, na zaidi yake mwenyewe aliyewahi kulikanyaga ni mimi tu, kwa kidole gumba. Lilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye gemu. Alilianza baada ya kuanguka na pikipiki kwenye mteremko wa Kitangari. Miguu ikafa, mke akarudi kwao, naye akarudi kwangu. Nikamwekea kitanda karibu na dirisha.

Kompyuta ilikuwa kuukuu. Alipewa na mwalimu Alfredi, ambaye ilikuwa imeshamchosha kwa uzito wake wa kuwaka. Salmini akaifuta Windows yote, akaweka kitu kinaitwa Linux, chepesi na cha bure, mashine ikaamka. Shida ni kwamba gemu alizozipenda hazikutengenezwa kwa ajili ya Linux. Nyingine ni za Windows, nyingine ni za zile mashine za PlayStation zinazochomekwa kwenye televisheni. Akawa anahangaika nazo tangu natoka kwenda maji mpaka narudi, na sisi huku juu maji tunayafuata mbali. Nikitua ndoo namkuta anaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi.

"Unafanya nini humo?"

"Naidanganya, mama. Gemu inadhani iko kwao kwenye Windows, kumbe iko Kitangari."

"Na ikigundua?"

"Inazima." Akacheka. "Ikizima tunaanza upya."

Siku ile ya shamba kukubali kufunguka aliniita kwa sauti, nikadhani ameanguka kitandani. Nikaona mto, miti, na mtu mdogo mwenye kofia ya bluu amesimama. Salmini akabonyeza, yule mtu akatembea.

Nilikaa chini.

Tangu hapo kila siku alimtembeza. Alilima, akapanda, akajenga nyumba mbili, moja yake, moja ukingoni mwa mto. "Hii yako, mama. Ukifungua mlango, maji haya hapa. Na ng'ombe huyu ni wewe."

"Mimi ng'ombe, Salmini?"

"Si ndiye anayeninywesha maziwa?"

Vijana wenzake wakija kumtazama walikuwa wanamtania. "Bonyeza hapo akimbie bwana, mpaka avune sisi tumezeeka!" Yeye anawaambia, "Mwacheni. Anatembea." Hakumkimbiza hata siku moja. Alimpitisha kando ya mto polepole, akimsimamisha kila baada ya hatua chache, kisha anaendelea.

Vidonda vya mgongoni vilipomzidi, mikono ikachoka, akawa ananipa mimi rimoti ya gemu. "Mpeleke mtoni, mama." Nikampeleka. Alikuwa anatazama tu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya mpaka alipofariki.

Kwetu vitu vya marehemu vinarudi kwa ukoo wa mama yake, na mwenye kugawa ni mjomba. Arobaini ilipokwisha, kaka yangu Abdulkadiri akatandika mkeka uani, watoto wa dada zake Salmini wakaja. Na desturi ni kwamba kitu kinachotenganika kinatenganishwa, asije mmoja akaondoka na kizima wenzake wakatoka mikono mitupu. Jembe likaenda huku, mpini kule. Ilipofika kompyuta, Abdulkadiri akaigeuzageuza, akachomoa waya.

"Hiki kikubwa achukue Tahiri. Hiki kidogo cheusi, Haji."

"Hicho ni diski, babu, vinakwenda pamoja," Tahiri akasema.

"Na wewe na Haji mnakwenda pamoja? Kila mtu na chake."

Watu wakacheka, ikaisha. Ile rimoti hakuna aliyeitaka, mpira wa kitufe kimoja ulikuwa umeliwa na kidole cha Salmini. Nikaifunga kwenye kitambaa.

Picha ya Salmini akitembea sina. Ile ya kitambulisho ni uso tu. Miezi ilivyokwenda nikaona hata kumbukumbu yenyewe inaninyima: nikifumba macho namwona amelala. Kila nikijaribu kumsimamisha, amelala. Ndipo nikakumbuka kwamba kuna mahali bado amesimama, karibu na mto, na nyumba yangu ipo.

Nikamfuata Haji kijijini kwao, Mnyambe. Diski alikuwa ameitupa kwenye boksi la misumari. "Haina kitu, bibi, nimeichomeka kwa rafiki yangu ikasema haisomeki." Akanipa bila maneno mengi. Nikapanda basi la Masasi, anakosoma Tahiri, na diski na rimoti kwenye kitambaa kimoja, nikajiambia, kilichobaki ni kuvikutanisha tu.

Tahiri alinipokea stendi na kompyuta begani. Akanipeleka kwa fundi mmoja, binti anaitwa Cecilia, ana kibanda kinachotazamana na ule mlima wa mawe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuona shamba."

Nikamweleza. Hakunicheka. Aliichomeka diski kwenye kompyuta yake, maana na yeye anatumia Linux hiyohiyo, macho yakamng'aa. "Gemu zote zimo, bibi! Haikusomeka kwa sababu Windows haiwezi kusoma namna alivyoiandaa. Ngoja nikiite hiki kinachotafsiri kati ya gemu na Linux. Kinaitwa Waini."

"Mvinyo? Mwanangu alikuwa anaswali."

"Jina tu, bibi, hakimlevyi mtu."

Tahiri alicheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kweli. Kioo kikawa cheusi, kikawaka, na ule muziki wa shamba ukatoka, uleule, uliokuwa ukinipokea na ndoo kichwani. Nikashika rimoti.

Cecilia akaacha kutabasamu.

"Bibi, gemu ipo, ila shamba lake halimo humu. Alichokuwa anakilima kilikuwa kinahifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Diski ni ya kubebea gemu tu." Akamgeukia Tahiri. "Lete hiyo mashine. Umebadilisha kitu?"

Tahiri akaitazama kompyuta iliyokuwa mapajani mwake.

"Ilikuwa inaleta maandishi tu kwenye giza," akasema. "Nikampa jamaa akaniwekea Windows. Nina kazi za chuo, dada."

"Akafuta kwanza?"

"Alifuta yote."

Sikuelewa, lakini nilimwona Tahiri anavyoinamisha kichwa. Cecilia hakukata tamaa haraka. Alichomeka vitu vyake, akawa anaitafutia mashine kilichofutwa, mchana wote, wateja wa simu wakija anawaambia warudi kesho. Vikatoka vipande vya majina. Kimoja kilikuwa na jina la Salmini, nikasimama. Akakifungua, kilikuwa kitupu ndani. Juu yake zilikuwa zimeandikwa nyimbo na sinema za Tahiri.

"Nisamehe, bibi," Tahiri akasema. "Mjomba Salmini angeniambia tu."

"Angejuaje? Wewe ulipewa kihalali."

Cecilia akafikiri kunifariji. Akafungua shamba jipya. "Inauliza jina la mkulima. Niandike nani?"

"Andika Salmini."

Mtu akatokea, kofia ya bluu hana. Amesimama kwenye pori. Nyumba hakuna, ng'ombe hakuna, mto sikuuona uko upande gani. Nikabonyeza na kidole changu pale palipoliwa. Akatimua mbio. Nikamwachia, akasimama. Nikabonyeza tena taratibu, taratibu kabisa, akatimua mbio vilevile mpaka akagonga mti, na pale kwenye mti akaendelea kuchapa miguu.

"Kutembea polepole hatembei?" nikauliza.

"Labda marehemu alipanga mwenyewe atembee, bibi. Hapa sioni."

Nikaweka rimoti mezani. Muziki ulikuwa unaendelea, mchangamfu. Cecilia akasogeza mkono afunge, maandishi yakatokea katikati ya kioo.

"Inauliza kama tunahifadhi," akasema. "Nihifadhi, bibi?"

"Utahifadhi nini, mwanangu?"

Akafunga. Tahiri alinisindikiza stendi, akataka kunipa kompyuta niende nayo, nikakataa. Ni yake. Kwenye basi la Newala nilifumba macho nikajaribu tena kumsimamisha mwanangu, tangu Masasi mpaka tunaanza kupanda. Alikuwa amelala, uso ameelekeza dirishani.